Milioni 28 mwisho wa mwaka: UTT, hatifungani, hisa, akaunti ya muda maalumu au kiwanja?

Baba_Tabata
Wakuu, salaam. Nimeuza Canter iliyokuwa inabeba mzigo wa Kariakoo. Baada ya kulipa madeni nimebaki na milioni 28. Sinunui gari jingine, lile lilikuwa linakula kuliko linavyoingiza.

Mama watoto ana duka la nafaka, ndilo linatulisha. Watoto watatu, mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari, tena bweni. Wiki hii nimezunguka Posta na kila niliyemuuliza anavutia kwake. Benki wananipa asilimia 9 kwa mwaka mmoja. UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, naambiwa karibu 12. Hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) za miaka 20 naambiwa zipo zinazolipa zaidi ya 15. Shemeji yangu anasema wote hao waongo, ninunue kiwanja.

Kwa hesabu ya haraka si niende kwenye 15 nimalize? Naomba ulinganisho kutoka kwa walioingia wenyewe, sio wa kusikia.

Mzee_wa_Buza
Ushauri wa kwanza: usimwambie mtu yeyote wa ukoo kwamba Canter imeuzwa. Desemba hii utapokea simu za Moshi na Bukoba kwa pamoja.

Muhasibu_Posta
Nianze na benki maana ndiyo fupi. Hiyo 9 sio 9. Riba ya amana inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla hujaiona. Chukua milioni 20: riba kwa mwaka ni 1,800,000, TRA wanachukua 180,000, unabaki na 1,620,000. Hiyo ni 8.1. Ukivunja mkataba kabla ya muda, sehemu kubwa ya riba inakwenda, wakati mwingine yote. Soma fomu kabla ya kusaini, hasa kile kipengele cha kujiendeleza chenyewe muda ukiisha.

Jambo la pili, bima ya amana. Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mteja hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila benki. Januari 2018 Benki Kuu (BoT) ilifunga benki ndogo tano kwa mpigo, na wakati ule kinga ilikuwa milioni 1.5 tu. Sisemi benki yako itaanguka. Nasema ukikutana na kabenki kanakutangazia riba ya juu kuliko wenzake wote, jiulize kwa nini kanazihitaji fedha zako kiasi hicho.

Kipande_Kimoja
Mimi nipo UTT AMIS miaka mingi, tangu wakati watu walipokuwa wanadhani ni upatu. Ni taasisi ya serikali, na mfuko wa kwanza, Umoja, ulianza 2005. Wakuu wengi hapa wanasema "UTT" kana kwamba ni kitu kimoja, wakati mifuko ipo sita na haifanani.

Kwa hali yako mkuu, angalia mfuko wa Ukwasi na mfuko wa Hatifungani. Ukwasi hauna ada ya kuingia wala kutoka, na ukiomba fedha unazipata ndani ya siku chache za kazi. Hatifungani unaweza kuchagua gawio la kila mwezi, lakini hapo kiwango cha kuanzia ni kikubwa, milioni 10. Umoja una hisa ndani yake, kwa hiyo thamani ya kipande, yaani sehemu yako ya mfuko, inaweza kuyumba. Hiyo 12 uliyoambiwa ni ya miaka ya karibuni, hakuna aliyekusainia kwamba mwakani itakuwa hivyo. UTT wanazifunga fedha zetu kwenye hizohizo dhamana za serikali na amana za benki. Riba za huko zikishuka, kipande nacho kinapanda polepole.

Chuma_cha_Kigamboni
Makaratasi, makaratasi. Shemeji yako ana akili. Ardhi haiongezeki mkuu. Kabla ya daraja la Kigamboni kufunguliwa 2016 watu walikuwa wanacheka ukisema umenunua Kibada. Waulize leo kama wanacheka.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Mwanangu Chuma, ardhi haiongezeki lakini migogoro yake inaongezeka. Hukohuko Kigamboni watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao tangu 2008 kwa ajili ya Mji Mpya, wakakaa miaka na miaka hawajengi, hawauzi kwa bei ya maana, hawalipwi. Uliza wenyeji.

Baba Tabata, kiwanja ni kizuri kwa mtu ambaye fedha yake haina ratiba. Yako inayo. Mtoto akirudishwa nyumbani Julai kwa sababu ya ada, kiwanja cha Mwasonga hakimsaidii. Utampigia dalali, atakuletea mnunuzi wa nusu bei anayejua una shida. Halafu kuna kodi ya faida ya mtaji ukiuza, kuna dalali, na kama eneo halijapimwa, kuna kesi ya mtoto wa marehemu aliyerudi kutoka Mwanza. Ukinunua, nenda ukafanye upekuzi ardhi kwanza. Barua ya serikali ya mtaa peke yake sio hati.

Chuma_cha_Kigamboni
Bi Mkubwa, mimi sina la kubisha kwenye upekuzi. Lakini nyie wa makaratasi mnasahau kwamba fedha iliyo kwenye simu inaliwa. Kiwanja hakiliwi.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Hapo umesema kweli.

Kuponi
Nimechelewa kuingia. Baba Tabata, swali lako la "niende kwenye 15 nimalize" ndilo linawaumiza watu wengi, ngoja nilifungue vizuri.

Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa na kuponi, yaani riba ya kila mwaka iliyoandikwa kwenye karatasi, ya 15.95, na ya miaka 20 ilikuwa 15.49. Aprili 2022 BoT ikashusha kwa matoleo mapya: ya miaka 25 ikawa 12.56, ya miaka 20 ikawa 12.10. Baadaye zikapanda tena. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu mwenye karatasi ya 15.49 wakati mpya zinalipa 12. Atakuuzia kwa bei ileile aliyonunulia? Hakuuzii. Atataka zaidi.

Mfano wa hesabu. Unataka hatifungani ya thamani ya milioni 10, kuponi 15.49, na muuzaji anataka 112 kwa kila 100. Utatoa milioni 11.2. Kila miezi sita unapokea 774,500, kwa mwaka 1,549,000, na kwa hatifungani za muda mrefu za serikali riba hiyo haikatwi kodi ya zuio. Gawanya kwa ulichotoa: ni kama 13.8, sio 15.49. Na bado hujamaliza, maana siku inapoiva serikali inakurudishia milioni 10, sio 11.2. Ile 1,200,000 ya juu umeila kidogokidogo miaka yote bila kujua. Kwa hiyo mavuno halisi yako chini ya hiyo 13.8.

Sisemi ni mbaya. Bado inaipita benki kwa mbali. Nasema ukikutana na dalali wa soko, swali la kwanza liwe bei, la pili mavuno hadi kuiva (faida halisi ya mwaka kwa bei uliyolipa, ukiishika mpaka mwisho), la tatu ndiyo kuponi. Wengi wanauliza la tatu na kusaini.

Ukitaka kukwepa hiyo nyongeza, subiri mnada wa matoleo mapya. Kiwango cha chini ni milioni 1, kalenda inatolewa na BoT, na minada kwa kawaida ni Jumatano. Mwekezaji mdogo anaweza kuomba bila kutaja bei, akapata bei ya wastani ya mnada. Lakini angalia upepo: riba ya Benki Kuu ilishushwa kutoka 6 hadi 5.75 Julai 2025. Riba za chini maana yake ni kwamba karatasi za zamani zenye kuponi nono zinazidi kugombaniwa. Riba zikigeuka zikapanda, aliyenunua kwa 112 akitaka kuuza haraka anaweza kukuta soko linampa 104. Serikali haijamdhulumu, kauza tu wakati mbaya.

Kwa hiyo fedha ya ada ya Januari isiguse hatifungani hata kwa bahati mbaya.

Hisa_Kidogo
Naona hisa zimerukwa. Mfano mmoja unatosha. Benki ya CRDB iliingia sokoni 2009 kwa shilingi 150 kwa hisa. Miaka kumi baadaye, mwisho wa 2019, ilikuwa chini ya hapo, karibu 100. Watu wakauza kwa hasira. Mwisho wa 2024 ilishapita 600, na katikati yote hayo gawio lilikuwa linaingia, kodi yake asilimia 5 tu kwa kampuni zilizoorodheshwa. Upande wa pili, walionunua Vodacom 2017 kwa 850 walikaa miaka wakiiangalia chini ya bei yao.

Mkuu, kama huwezi kuona milioni 3 ikiwa milioni 2 ukaendelea kulala, usiingie. Kama unaweza, weka kidogo, usahau.

Mdau_wa_Ilala
Na dola je? Mimi nimeweka zangu kwenye dola.

Muhasibu_Posta
Waliofanya hivyo 2024 dola ikiwa juu ya 2,700 waliiona inashuka hadi kama 2,400 Desemba ileile. Na tangu Machi 2025 bidhaa na huduma za ndani ni kwa shilingi, kwa hiyo hata mwenye nyumba hawezi kukudai dola. Kama huna ada ya mtoto nje ya nchi au mzigo wa China, sioni unaitafutia nini.

Bi_Mkubwa_Magomeni
Niongeze mawili ambayo vijana hamjagusa.

La kwanza, wapo wasiotaka riba kwa sababu za dini. Msiwaambie tu "nunua kiwanja". Sukuk, yaani hatifungani zisizo na riba, zipo nchini sasa: KCB walitoa Fursa Sukuk 2022, na Serikali ya Zanzibar ikatoa ya kwake 2025. Waulize wataalamu wa sharia kabla ya kuingia, lakini mlango upo.

La pili ndilo kubwa. Baba Tabata, hizi akaunti unafungua kwa jina la nani? Nimekaa na wajane wengi wa mtaa huu. Mume alikuwa na fedha, ila mke hajui ni benki gani, na hata akijua, haiguswi na mtu mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Vikao vya ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, tangazo, pingamizi la shemeji. Duka linafungwa watoto wanaangalia. Mwisho wa mwaka watu wanapiga hesabu ya faida tu. Piga na hii. Andika wosia, RITA (wakala wa serikali wa usajili na mirathi) wanahifadhi. Na orodha ya ulichonacho aijue mkeo, sio mpaka siku ya matanga.

Kipande_Kimoja
Naunga mkono. UTT unaweza kufungua kwa majina mawili. Fomu ina sehemu ya mrithi, wengi wanaiacha wazi. Ila kumbuka jina la mrithi kwenye fomu halichukui nafasi ya wosia.

Baba_Tabata
Wakuu nimewasoma wote, pamoja na mke wangu jana usiku. Tumefika hapa: milioni 5 inabaki benki akaunti ya kawaida kwa Januari, ada, godoro, sare na nauli. Milioni 8 Ukwasi, ndiyo akiba ya dharura na mtaji wa duka mavuno ya mpunga yakiingia. Milioni 12 hatifungani za serikali. Milioni 3 hisa, hiyo nimeshaihesabu kama imepotea. Kiwanja tumesema baadaye, shemeji kanuna.

Kuponi, hiyo 12 niiweke yote kwenye karatasi moja?

Kuponi
Ningekuwa wewe ningeigawa mara mbili, kwa sababu ya tarehe. Kila hatifungani ina miezi yake miwili ya kulipa. Tafuta moja inayolipa Januari na Julai, uone inavyoangukia kwenye ada za mihula. Ya pili itafute inayolipa Aprili na Oktoba, miezi ambayo duka huwa limetulia. Hapo unapokea mara nne kwa mwaka badala ya mbili, bila kuongeza hata shilingi. Mwambie dalali akuorodheshee zilizopo sokoni na tarehe za kuponi, halafu mbele ya kila moja akuandikie bei na mavuno hadi kuiva. Asiyetaka kuandika, mwache.

Halafu usiende wiki ya Krismasi. Nenda kabla, au subiri Januari ikae sawa.

Baba_Tabata
Na akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani na hisa, tukitaka ya pamoja mama naye lazima aje?

Kuponi
Lazima. Nendeni wote na vitambulisho vya NIDA, picha, na namba ya akaunti ya benki ambayo kuponi zitaingia. Hiyo ya benki nayo iwe ya pamoja, la sivyo mmefanya kazi nusu.