Tupeane uzoefu: kutembea na watoto hadi kwenye maziwa ya milimani

MamaWawili
Habari zenu ndugu zangu. Mwaka jana mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tulitoka Dar kwenda Mbeya na tukatenga siku moja ya kupanda kwenda kuliona ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkeno. Watoto walikuwa na miaka mitano na tisa. Hatukufika. Tulichelewa kuamka, tukanywa chai taratibu, tukaanza kupanda saa tano na nusu. Njia ya msituni ilikuwa na tope, mdogo amevaa raba zinazoteleza, na tulipofika kwenye mwinuko mkali wa mwisho akakaa juu ya mzizi akasema haendi tena. Baba yake alimbeba hadi akachoka. Ukungu ukashuka, tukageuza. Mkubwa alilia mpaka kwenye gari, maana tulimwahidi ziwa. Kilio kile kimenikaa moyoni. Mwaka huu tunarudi, na natamani tulale nje angalau usiku mmoja, kila mtu na begi lake mgongoni. Mliowahi kwenda na watoto, Ngosi au kwingine, mlipangaje?

MwenyejiRungwe
Pole sana dada. Kwa Ngosi, saa tano na nusu ni kuchelewa mno. Sisi tunakuwa kwenye njia saa mbili asubuhi, kabla ukungu haujatanda, kwa sababu ukifika ukingoni na wingu limejaa shimoni huoni hata tone la maji. Mtu mzima anapanda kwa saa moja hadi moja na nusu. Mimi nikiwa na binti yangu wa miaka sita nahesabu saa tatu za kupanda na mbili za kushuka, na bado nabakiza muda wa kukaa. Anasimama kutazama kila kinyonga, na mbega wakiruka juu ya miti hatuondoki. Nimejifunza kutomharakisha. Ile ndiyo safari yake.

Kuhusu viatu, mvalishe mabuti ya mvua yenye meno chini, na soksi mbili. Msitu ule haukauki hata kiangazi. Mchukue kijana mwenyeji awaongoze, pale Mchangani mnapoiacha barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu. Na nakuomba sana: ishieni ukingoni. Kutoka ukingoni kuteremka hadi majini ni ukuta, unashikilia mizizi na mianzi. Sijawahi kumpeleka mtoto huko na sitampeleka. Kulala, laleni Tukuyu au Mbeya mjini siku mbili kabla ya kupanda. Watoto wenu wanatoka usawa wa bahari, na ukingo uko juu ya mita 2,000.

MamaChogoria
Hilo la mwinuko mwenzangu amelitaja kwa upole, mimi nitalisema kwa mkazo. Agosti moja tuliwapeleka wanetu watatu Lake Ellis, Mlima Kenya, kupitia lango la Chogoria. Lango liko kama mita 2,950, ziwa liko juu kidogo ya mita 3,400. Tulikuwa tumepanga kulala langoni usiku wa kwanza ili miili izoee, lakini watoto walikuwa na nguvu, jua linawaka, tukasema twende tu. Tukapiga hema kando ya ziwa. Saa nne usiku, mtoto wangu wa kati, wa miaka saba, akaacha kula. Akasema kichwa kinamuuma, baadaye akatapika mara mbili. Nje barafu imeshika kwenye majani. Sikulala. Kulipopambazuka tu tukafunga mizigo tukashuka, na kabla hatujafika langoni alikuwa ameanza kuomba chapati.

Tangu hapo sheria yangu ni moja: juu ya mita 2,500, mtoto akikataa chakula na kichwa kikiuma, hatuendi juu zaidi. Hali ikizidi, tunashuka hata kama ni usiku. Mtoto mdogo hajui kusema "nimepatwa na ugonjwa wa mwinuko." Atakuwa mkali, atanyamaza, atakataa uji. Wewe mzazi ndiye wa kusoma dalili.

Jambo la jikoni pia: huko juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo githeri mbichi haiivi, utamaliza gesi. Chemsheni maharagwe na mahindi nyumbani, kule mpashe tu. Maji ya kunywa yaacheni yatokote dakika tatu nzima. Na msije na chupa za plastiki za kutupa, haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Kenya tangu Juni 2020. Kila mtoto na chupa yake ya kudumu.

BabaMapacha
Sisi tulianzia ziwa Duluti, pale Tengeru, Arusha. Njia ya kulizunguka ziwa ni ya kivulini, haina mwinuko wa kutisha. Mapacha wa miaka minane walibeba nguo zao, maji na karanga, nami nikapima mabegi kwenye mzani wa jikoni: kilo mbili na nusu kila mmoja, yaani kama sehemu ya kumi ya uzito wao. Walipolalamika mabega, tukarekebisha mikanda hapohapo. Afadhali ujue hilo Tengeru kuliko ulijulie mlimani.

Mwaka uliofuata tukaenda kreta ya Empakaai, kule Ngorongoro. Kule ni lazima mwende na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Kushuka ndani ya kreta kulikuwa raha tupu, watoto wanakimbia, chini kuna ziwa la magadi na flamingo wa kutosha. Kisha ikabidi kupanda. Kilichotuchukua nusu saa kushuka kilitugharimu karibu saa mbili kurudi, na maji yalituishia katikati. Dada, ziwa la kreta linakudai wakati wa kurudi. Maji na biskuti za kupandia tengeni kabisa kabla hamjaanza kushuka, na msiziguse.

MamaWawili
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Nimeongea na mume wangu: Mbeya siku mbili za kupumzika, Ngosi saa mbili asubuhi, tunaishia ukingoni. Kulala nje tunaahirisha hadi mdogo afikishe miaka minane. Mkubwa nimemwambia mapema kwamba tukikuta ukungu tutakaa ukingoni hadi saa sita, na usipofunguka tutashuka. Amekubali, ila ameomba aende na daftari achore hata ukungu. Swali la mwisho: makoti ya mvua ya watoto yanapatikana Mbeya, au ninunue huku huku?

MwenyejiRungwe
Yapo Mwanjelwa, upande wa mitumba. Nenda asubuhi, na mchukulie saizi kubwa kidogo ili livaliwe juu ya sweta.