Zamu za Usiku, Lanet

Anti Wambui, 18:02
Jamani, tupange usiku wa Shiru. Mtoto ana wiki 5. Machozi ya kawaida huanza siku ya 3 hivi na kuisha kabla ya wiki 2. Yakizidi hapo si deko. Kliniki wamemuuliza yale maswali 10 ya Edinburgh, ya kupima sonona baada ya kujifungua, kuhusu siku 7 zilizopita. Amepata 17 kwa 30.

Kevo, 18:05
17? Hesabu zangu hazijawahi kufika hapo 😂

Anti Wambui, 18:06
Kevo, hapa zikipanda ndiyo mbaya. 13 kwenda juu, anafaa aonwe na daktari. Na swali la 10, la kujidhuru, likijibiwa hata "mara chache", halingoji jumla.

Kamau, 18:20
Anti, hayo nilikuambia wewe. Si kikundi. Ni kama tu ile barua ya Molo.

Anti Wambui, 18:21
Molo baadaye. Kamau yuko kazini usiku Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Shiru akamue maziwa, alale chumba cha nyuma saa 3 hadi saa 8, masaa 5 bila kuamshwa. Matiti yakimuuma akamue kidogo arudi kulala. Maziwa yakae nje muda wa saa 4 tu, au kwa friji siku 4. Msiyachemshe, tumbukizeni chombo kwa maji ya uvuguvugu. Jumatatu nani?

Anti Wambui, 19:10
Mnasoma tu?

Mama Tasha, 19:48
Ndio nafika nyumbani. Na ile dawa, si ananyonyesha?

Anti Wambui, 19:50
Ni sertralini, dawa ya sonona. Inayopita kwa maziwa ni kidogo sana. Shida ni kwamba haishiki kesho, inataka wiki 2 hadi 6. Siku za kwanza tumbo huchafuka, wasiwasi nao unaweza kupanda, na hapo ndipo wengi huitupa. Hata akipata nafuu aendelee miezi 6 hivi, kisha daktari ampunguzie polepole. Kamau, waulize pia kipimo cha damu na cha tezi ya shingo. Upungufu wa damu na shida ya tezi humlegeza mtu vilevile.

Baba Brayo, 20:01
Pasta aje amwombee.

Anti Wambui, 20:02
Aje. Asimguse dawa. Na mnisikie wote: akikesha siku 2 na hasikii usingizi, akisikia sauti, au akisema mtoto si wake, ni hospitali usiku huohuo. Mtoto ashikwe na mtu mwingine. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Tasha, 20:30
Shosho ametuma sauti, naandika: "Wambui, kazi yako nimeiona. Lakini Shiru ameulizwa? Aliyezaa hajadiliwi kama shamba. Kamau, muulize leo anamtaka nani nyumbani. Ya Molo mtakuja kuniambia hapa kwangu, nyinyi wawili."

Anti Wambui, 20:52
Sawa, Mami.

Kamau, 21:40
Nimemuuliza. Jumatatu Mama Tasha, amekubali. Jumatano hataki mtu. Ijumaa amenyamaza.

Mama Tasha, 21:44
Nitakuwa hapo saa 2 na nusu.

Kevo, 21:50
Mtoto mdogo hivyo naogopa kushika. Nepi na vyombo nitaosha.

Anti Wambui, 21:51
Njoo Jumamosi asubuhi, na usimkalishe Shiru kwa stori. Kamau, ya Jumatano muulize tena kesho akishaamka. Ijumaa bado natafuta mtu.