Stovu ya Salma inazimika

Kikundi: Watoto wa Ngamiani

20:38 Salma (Lewiston, Maine, Marekani): Asalaam aleikum. Kaka Hamisi, upo hewani? Stovu yetu ya peleti, vile vipande vidogo vya vumbi la mbao, inazimika. Inawaka vizuri robo saa, moto unalegea, kisha basi. Mara ya tatu hii tangu magharibi. Nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri, Baba Zai yuko zamu ya usiku, niko peke yangu na watoto.

20:40 Hamisi (Portland): Waaleikum salaam. Nipo. Usiiwashe tena kwanza. Nijibu mawili: moto ulipokuwa unakufa ulikuwa wa rangi gani? Na sasa hivi kile kikombe cha moto, peleti zinamoungulia, kina peleti au ni kitupu?

20:43 Salma: Rangi ya chungwa, mrefu, unayumbayumba, ncha nyeusi. Kioo kimeshapiga masizi na nilikipangusa asubuhi tu. Kikombe kimejaa, peleti za juu hata hazijaungua.

20:45 Hamisi: Basi chakula kinafika, inachokosa ni pumzi. Kingekuwa kitupu ningekwambia tuangalie ile skrubu ndefu inayosukuma peleti, au mota yake. Moto wa stovu yenye afya ni mfupi, wa manjano karibu na weupe, unarukaruka kama unapulizwa na mivukuto.

20:45 Salma: Nichomoe waya nifungue?

20:46 Hamisi: La, usichomoe! Ile feni ya moshi inazunguka ili itoe moshi uliobaki. Ukiikata, moshi unarudi sebuleni. Mlango usiuguse. Subiri feni zote zisimame zenyewe, stovu ipoe, ndipo uchomoe. Sasa hivi washa hita ndogo ya umeme, ichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, na watoto uwakusanye chumba kimoja.

20:52 Mama (Tanga): Nimeamkia alfajiri nakuta haya. Salma, moshi umeingia ndani? Watoto wanalalamika kichwa?

20:53 Salma: Shikamoo mama. Hapana, wazima kabisa, wamelala.

20:55 Mama: Marahaba. Mimi yule mpangaji wetu wa uani simsahau. Mvua, baridi, akaingiza jiko la mkaa chumbani akafunga mlango. Asubuhi tulivunja mlango. Na chumbani hamkuwa na moshi hata chembe.

20:57 Hamisi: Shikamoo mama. Ndiyo hewa hiyohiyo ninayoiogopa, kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Salma, kengele yake iko wapi?

21:00 Salma: Koridoni. Ila mwezi uliopita ilikuwa inalia kidogokidogo kila baada ya muda, Baba Zai akatoa betri.

21:01 Hamisi: Salma jamani. Ilikuwa inaomba betri mpya. Stovu haiwaki usiku huu mpaka ile kengele iwe na betri. Hilo halina mjadala.

21:02 Salma: Zinafanana na za rimoti ya televisheni. Nazihamisha sasa hivi.

21:26 Salma: Feni zimesimama. Nimechomoa waya, mwili wa stovu ni vuguvugu tu. Nimevaa glavu.

21:27 Hamisi: Toa kikombe. Kinanyanyuka tu, hakina skrubu. Kigeuze, kiangalie matundu dhidi ya taa.

21:31 Salma: [picha] Ya Rabi. Matundu yaliyo wazi ni manne. Mengine yote yamezibwa na kitu kigumu, cheusi, kinang'aa kama chupa iliyoyeyuka.

21:33 Hamisi: Hilo ni jivu lililoyeyuka likaganda. Peleti zenye mchanga au maganda mengi ya mti ndizo zinazoleta hivyo. Kwangua kwa bisibisi, kisha penyeza msumari tundu moja moja. Hewa inapitia humo kwenda kwenye moto, ndiyo maana nilikuuliza rangi kwanza. Unasafisha kila lini?

21:35 Salma: Kila Jumapili nazoa jivu la trei ya chini. Kikombe nilikuwa nakifuta juujuu.

21:36 Hamisi: Trei peke yake haitoshi, dada. Kikombe kikwangue kila siku stovu ikiwa baridi, ni kazi ya dakika mbili. Sasa zile bamba za nyuma, zenye sura ya matofali, zinatoka. Nyanyua juu kisha vuta kwako.

21:42 Salma: Zinatoka?! Tangu Oktoba sijawahi kuzitoa. [picha] Nyuma yake kumejaa jivu laini kama unga wa muhogo. Kisahani kizima.

21:43 Hamisi: Na hapo ndipo moshi unapita kwenda kwenye feni na bomba. Vuta lote kwa vakyumu ya jivu niliyokuachia, ile yenye pipa la bati. Ya mazulia usiitumie kamwe. Jivu linapenya chujio lake, linarudi hewani mnavuta nyie, na kaa moja tu likiwemo linaichoma.

21:47 Mjomba Athumani (Arusha): Nawasoma. Hamisi, hizo mashine si zina swichi ya mvuto wa hewa? Mimi ningeiruka, niunge nyaya zake moja kwa moja, tuone kama ndiyo mbovu.

21:50 Hamisi: Shikamoo mjomba. Ipo, na kijibomba chake cha mpira nacho huzibwa na jivu, nitakikagua. Ila kuiunga moja kwa moja sikubali, na watoto wamo ndani. Bomba likiziba, hiyo swichi ndiyo inayokatiza peleti zisiendelee kuingia motoni.

21:52 Mjomba Athumani: Marahaba. Hapo umenena, niliichukulia kama swichi ya kawaida. Iacheni.

21:58 Salma: Nimemaliza. Jivu niliweke wapi? Ndoo ya plastiki ipo.

21:58 Hamisi: Plastiki hapana! Ndoo ya bati yenye kifuniko, nje, juu ya zege. Si kwenye baraza la mbao. Kaa linaweza kukaa hai ndani ya jivu siku kadhaa.

22:00 Mama: Hilo kweli. Sisi kaa tulilifukia jivuni usiku makusudi, asubuhi tunachochea tunapata moto bila kiberiti.

22:02 Hamisi: Sasa mlango. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango, funga, ivute. Zunguka pande zote.

22:07 Salma: Juu na kulia inashika. Chini kushoto inatoka bila kuvutwa.

22:08 Hamisi: Gasketi, ile kamba inayoziba ukingo wa mlango, imechoka hapo. Hewa inaingia pembeni badala ya kupitia kikombe. Jumamosi nakuja na kamba mpya na gundi yake, na bomba la nje tulipige burashi. Leo itashika, funga komeo mpaka mwisho. Na peleti zenyewe unaziweka wapi?

22:10 Salma: Gereji, chini kwenye sakafu. Mifuko ya paundi 40. Ule wa chini kabisa umevimba.

22:11 Hamisi: Huo usiutumie. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa tu, tone la maji linazifumua zikarudi vumbi, na vumbi ndilo linaloziba skrubu. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Rudisha bamba, rudisha kikombe kikae sawasawa, kisichezecheze. Betri?

22:13 Salma: Nimeweka. Nimebonyeza imelia, Zai ameamka ananiuliza kuna nini.

22:14 Hamisi: Haya, bismillah. Chomeka, washa.

22:20 Salma: Kiwashio kinatoa moshi kidogo... umeshika! Ni mfupi, wa manjano, unarukaruka hivyohivyo ulivyosema.

22:22 Mama: Alhamdulillah. Na umeme ukikatika je, na huko kuna theluji?

22:24 Hamisi: Feni inasimama mama, na moshi unaweza kurudi ndani. Akiona hivyo afungue dirisha, mlango wa stovu asiuguse. Nitamtafutia betri ya akiba ya kushika feni mpaka moto uishe.

22:41 Salma: Dakika ishirini zimepita.

23:02 Baba Zai: Niko mapumziko, ndiyo nimesoma yote. Shemeji, Mwenyezi Mungu akulipe. Betri nilitoa mimi, nimekosa. Asubuhi napitia dukani nanunua kengele ya pili, ya chumba cha watoto.

23:04 Hamisi: Amina shemeji. Hapo umefanya la maana.

00:06 Salma: Saa sita. Bado unawaka na kioo bado cheupe. Nimelaza godoro hapa sebuleni nauangalia.

00:07 Mama: Lala mwanangu. Huku kumekucha, simu yangu iko mkononi. Ukisikia kengele, toka nje na watoto kwanza, kisha ndiyo unipigie.