Jiji linataka maoni kuhusu mpango wa uchumi na nyumba za bei nafuu, nisimamie nini?

Mpangaji_Sugu:
Habari zenu wakuu. Jiji letu limetoa rasimu ya mpango wa maendeleo na tumeambiwa tutoe maoni kabla haijapitishwa. Nimeisoma yote. Kuna sura ya uchumi, eneo la viwanda vidogo, soko, mikopo ya wajasiriamali, halafu huko mbele kuna sura ya nyumba za bei nafuu, na hizo sura mbili hazijuani kabisa, viwanda upande huu wa jiji, nyumba upande ule lami inakoishia. Mimi nakaa nyumba ya kupanga, kipato leo kipo kesho hakipo. Nikipewa nafasi ya kuongea nikomae na nini?

Ramani_Mkononi:
Mkuu komaa hapohapo. Ardhi ya mbali ni rahisi ndo maana wanaikimbilia, ila wanachookoa kwenye kiwanja mwananchi anakuja kukilipa kwenye nauli kila siku. Mexico zilijengwa nyumba nyingi sana kwa mikopo ya INFONAVIT, mfuko wa nyumba za wafanyakazi, nyingi zikawa mbali na kazi, usafiri shida, huduma hamna, watu wakazihama zikabaki tupu. Ila Chile, kule Iquique mwaka 2004, familia zilizokuwa zimejibanza kwenye kiwanja katikati ya mji zilibakishwa palepale japo ardhi ilikuwa ghali, ruzuku ikatosha nusu nyumba tu, basi wakajengewa ile nusu ngumu, jiko, bafu, ngazi, kuta kubwa, nusu iliyobaki wakamalizia wenyewe taratibu. Halafu kile kipimo cha kodi isizidi asilimia 30 ya kipato kinatumika sana lakini nauli haimo. Waambie waiweke.

Mama_Cherehani:
Naongezea hapo kaka. Hawa wapangaji wa miji wanafikiri kila mtu anatoka asubuhi kwenda ofisini, sisi wengine nyumba ndo karakana. Nilipokuwa nakaa chini mtu akipita anaona nguo zimening'inia mlangoni anaingia kuulizia, tulivyohamishiwa ghorofani sheria za jengo zinakataza biashara, cherehani iko chumbani imebanana na kitanda, wateja niliobaki nao ni wale wenye namba yangu tu. Omba vyumba vya chini viwe vya kazi ndogondogo, wakazi wa jengo wapewe kwanza, na kodi yake isiwe ya madukani.

Mpangaji_Sugu:
Dada hilo la vyumba vya chini sikuliwaza kabisa, nimeliandika. Na je hiyo nafuu itadumu? Rasimu inasema nyumba zitauzwa kwa wakazi.

Hesabu_Kwanza:
Hapo kwenye kuuza kuwa makini sana. Uingereza sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji wa nyumba za halmashauri kuzinunua kwa punguzo, familia nyingi zikafaidi kweli, ila nyumba mpya hazikujengwa za kutosha kuziba pengo na nyingi zilizouzwa leo zinapangishwa kwa bei ya soko. Vienna walianza kujenga kwa hela ya ushuru maalum wa nyumba mwaka 1923 na mpaka leo jiji linapangisha lenyewe nyumba kama 220,000. Kama lazima wauze, kuna njia ya Burlington kule Marekani toka 1984, ardhi inabaki kwa shirika la jamii, wewe unanunua nyumba tu, ukihama unapata sehemu ya faida na anayefuata bado anaimudu. Kwahiyo uliza, mnunuzi wa kwanza akiuza, wa pili ananunua kwa bei gani? Na jibu liandikwe kwenye mpango wenyewe, lisiishie kwenye kikao.

Ramani_Mkononi:
Na uliza lifti ikifa nani anatengeneza na kwa hela gani. Ada ya matengenezo isipohesabiwa mapema ndo inayokuja kuwatoa watu humo.