Samaki wa kufugwa tumbo lake lina shida kweli au tunamsingizia?

Mleta mada:
Wakuu, hii habari kwamba samaki wa kufugwa tumbo limejaa vijidudu vibaya na wa mtoni ndo msafi mimi siikubali, tuichambue hapa. Samaki yeyote ana bakteria tumboni na wengi wao wanamfaa. Yupo mmoja anaitwa Cetobacterium somerae, kwa perege yuko kibao, anatengeneza vitamini B12, ndo maana perege hata usipomwekea B12 kwenye chakula anakua tu. Halafu kuna Aeromonas, huyu kigeugeu, anakaa kwenye utumbo wa samaki mzima kabisa, wa mtoni na wa bwawani, siku maji yakichafuka, oksijeni ikashuka na samaki wamebanana, huyohuyo ndo anawatoa vidonda na damu ngozini. Kwa hiyo mtu akija na "tumempima tukamkuta na Aeromonas", sawa, so what?

Tofauti ipo, sikatai. Wa mtoni anakula wadudu, mwani, konokono, kila msimu na chake, wa bwawani ni punje zilezile asubuhi na jioni, lazima bakteria wake wabadilike, mara nyingi aina zinapungua. Ila hilo ni suala la chakula na maji. Cha kupiga marufuku ni antibayotiki zinazochanganywa kwenye chakula eti za kinga, ufugaji wenyewe hauna kosa.

Mzee wa Bwawa:
Mkuu unaongea kirahisi kwa sababu bwawa sio lako. Samaki wakianza kufa hawakusubiri, unaamka asubuhi wanaelea weupe tupu. Mi naweka dawa mapema nalala usingizi, wewe na bakteria wako wa vitamini mtanilipa?

Binti Maabara:
Mleta mada yuko sawa kwa sehemu. Mwaka 2006 kuna watafiti walichukua bakteria wa tumbo la panya wakawaweka kwa samaki pundamilia (yule mdogo wa mistari, wa maabara) aliyekuzwa bila bakteria hata mmoja, na wa samaki wakawapeleka kwa panya, ule uwiano ukajipanga kufuata tumbo la mwenyeji mpya. 2011 wakalinganisha pundamilia waliotoka kuvuliwa na wa kuzaliwa maabara, makundi makuu yakafanana. Yaani samaki mwenyewe anachagua nani abaki. Tatizo lingine ni vipimo, mtu anakamua uchafu wa tumboni anapima, hapo si umepima alichokula jana? Wakazi wenyewe wako kwenye ule ute ulioshika ukuta wa utumbo.

Mleta mada:
Asante dada, la ute nilikuwa nalisubiri.

Mzee wa Bwawa, shikamoo, hasara naielewa, lakini angalia dawa yako inaenda wapi. Samaki akiumwa cha kwanza anaacha kula, anabaki juu juu anahema, punje zinampita puani. Sasa dawa iko kwenye punje, anayeimeza ni yule mzima! Na hiyo antibayotiki ya oksitetrasaiklini sehemu kubwa haiingii mwilini, inapita na kinyesi ikiwa bado ni dawa, inalala kwenye tope la bwawa. Humo tumboni na topeni bakteria wanaozoea dawa wanapeana vinasaba vya usugu, hata kama sio wa aina moja, kesho akiingia Aeromonas wa kweli dawa haimgusi. Umoja wa Ulaya walikataza antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na 2022 wakabana na hizi za kinga ya kila siku. Bwawa likiugua kweli, mtaalamu akapima akajua ni nani, tibu, hapo sina ugomvi.

Na kabla hamjanirukia na probayotiki (bakteria wazuri wanaochanganywa kwenye chakula): zile za bakteria aina ya Bacillus zinaweza kusaidia, ila mara nyingi ukiacha kulisha na wenyewe wanatoweka. Mnaozitumia semeni hapa, mliweka kwa muda gani, na mliangalia nini kujua kwamba zimefanya kazi?