Kila fundi wangu ni moto akiwa pekee yake, wakiwa pamoja kazi inaharibika. Nifanyeje?

Jirani_wa_Umoja: Niaje wasee. Niko na timu ya kufunga tenti, saundi na stima za harusi na matanga hapa Nairobi. Hakuna mvivu, kila mtu anajua kazi yake. Sasa juzi Ruai wa tenti wamesimamisha kila kitu poa kabisa, kumbe jukwaa liko mahali waya ya jenereta haifiki, ikabidi tung'oe mteja akiwa hapo ameshika kiuno. Kila mtu anasema si mimi, na ukweli ni kwamba si yeye. Nifute mtu ama niongeze mikutano? Grupu ya WhatsApp tuko nayo, wote hujibu tu "sawa boss".

MamaRatiba: Usifute mtu. Siku moja kabla ya kazi uliza kila mmoja kando, wenzake wasisikie: nini inaanza, nini inafuata, na wewe unangoja nani? Ukisikia hadithi tofauti, shida ndiyo hiyo. Hiyo "sawa boss" usiihesabu.

Soda_na_Waya: Mimi niko Luthuli kwa mambo ya redio ndio maana hii sikuisahau. 1995 huko Marekani watafiti Liang, Moreland na Argote walifunza watu kuunganisha redio, wengine wakafunzwa pamoja na grupu yao, wengine mmoja mmoja, halafu wote wakaunganisha kwa grupu. Waliofunzwa pamoja walikumbuka hatua zaidi na makosa yakapungua, juu kila mtu alijua nani ndiye mkali wa nini na walikuwa wanaaminiana kwa hiyo. Wako ni wakali, lakini wa saundi anajua wa tenti anahitaji nini?

Mbishi254: Pole pole hapo. Kuna timu naijua wote walikuwa wameelewana kabisa kuwa harusi ni Ngong Road, hakuna hata mmoja aliuliza, kumbe ni Ngong yenyewe. Kuelewana kitu ya uongo ni mbaya kushinda kubishana. Wapeleke wakaone uwanja kwanza, wabishanie hapo hapo.

MamaRatiba: @Mbishi254 hapo nakubali. Na wakirudi kutoka uwanjani, wa saundi akae siku moja na wa tenti wakibeba vyuma, na wa tenti naye akae kwa mixer ya saundi.

Jirani_wa_Umoja: Sawa, lakini hiyo siku ya kubeba vyuma nani analipa?

Mbishi254: Wewe. Na chapo madondo juu.