Ameacha gongo zaidi ya mwaka: mbona kitambi, usingizi hafifu na tumbo kujaa?

mwaloni_kirumba
Wakuu salaam. Kuna dogo yuko kambi ya dagaa upande wa Igombe, Mwanza, miaka 34. Ana mwaka na miezi hajagusa gongo wala bia. Mwanzoni alinawiri, sasa kitambi kinakuja, soda tatu hadi nne kwa siku, akitoka ziwani asubuhi usingizi hauji. Tena chini ya mbavu za kushoto anasema pamejaa. Wenzake wanamwambia "ini lilishaoza, kunywa tu". Aanzie wapi?

tabibu_wa_ziwani
Ini liko kulia, mkuu. Kushoto ni bandama, na kwa mtu anayeingia majini kila siku huku kwetu, cha kwanza kushuku ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yake hukwama kwenye mishipa midogo ya ini na kuacha makovu, damu ikakosa njia, bandama likavimba. Sirosisi ya pombe (makovu ya ini yaletwayo na ulevi) nayo hufanya hivyohivyo, na malaria ya kujirudia huvimbisha bandama pia, kwa hiyo msikisie.

Apime choo kikubwa kwa sampuli za siku mbili tatu tofauti, maana mayai hayatoki kila siku. Aongeze ultrasound ya tumbo, hepatitisi B (homa ya ini), vipimo vya ini na picha kamili ya damu. Ikiwa ni kichocho, dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, akiwa ameshiba. Dawa hiyo haiui minyoo michanga, na akirudi majini huambukizwa tena, hivyo atalazimika kurudia.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kama anameza za mgongo, aache kabisa mpaka majibu yatoke. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali ya Bugando au Sekou Toure saa hiyohiyo, si kesho.

mama_lishe_ilemela
Hiyo soda ndiyo kitambi chenyewe. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushee, kama vijiko saba vya chai. Zidisha mara nne. Aliyeacha pombe hupenda vitamu sana, kwa hiyo asikate zote kwa siku moja, apunguze chupa moja kila wiki. Kabla ya kuingia ziwani ale kitu cha kukaa tumboni: ugali na dagaa, au viazi vitamu na maharage. Njaa ya saa nane usiku huja na uchu wa pombe, wengi hawajui kutofautisha.

Na muulize kama anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu mtumbwini. Kafeini hupungua nusu kwa saa tano hivi. Aliyekunywa saa nane usiku, saa moja asubuhi nusu bado inazunguka mwilini, halafu analaumu godoro! Mwisho wa kunywa uwe saa tano usiku. Dirisha azibe kwa blanketi zito. Diazepamu (vidonge vya usingizi) za duka la dawa asiguse, zinagusa palepale kwenye ubongo palipoguswa na pombe.

mvuvi_mstaafu
Yote sawa, ila mmesahau mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa, na mgao unagawanywa wakati huohuo. Mfuko una hela, mikono haina kazi, na kilabu kiko hatua chache kutoka kambini. Wengi wanarudi kunywa hapo. Amwombe tajiri mwenye mtumbwi amtumie mgao kwenye simu ya mke au ya dada, na siku mbili za mwanzo asilale kambini. Kazi ya kutia kalafati (kuziba nyufa za mtumbwi) na kushona nyavu ianze siku ya tatu.

mwaloni_kirumba
Basi vipimo viwekwe siku hizohizo mbili?

tabibu_wa_ziwani
Ndiyo. Choo kiwe cha asubuhi ileile, kwenye kikopo cha maabara, si kwenye mfuko wa nailoni.